Goti Likichanika, Usiamue Ukiwa Umelala

Kwenye viwanja vya mchangani, kuanzia Tanga mjini hadi Pangani na Muheza, goti huondoka kwa namna ileile. Mchezaji yuko peke yake na mpira, hakuna aliyemgusa. Anakanyaga ili ageuke, wayo unabaki ardhini na mwili unakwenda upande wa pili. Ndani ya goti anasikia mlio, "pa!", na anaanguka. Wenzake wanamzunguka: mmoja anauvuta mguu, mwingine anaumwagia maji, wa tatu anamhimiza asimame atembee. Kufika magharibi goti limejaa mpaka kifuniko chake hakionekani. Wiki ya tatu uvimbe umeshuka, anakwenda Ngamiani na kurudi bila kuchechemea, na kila kijiwe anachopita anaulizwa swali moja: mgosi, unarudi lini?

Wengi hulijibu siku hizohizo. Yupo anayesema mpira basi, akagawa daluga zake kwa mdogo wake. Yupo anayesema mwezi wa nne nitakuwepo, kwa sababu mwezi wa nne kuna ndondo ya mtaa wa pili na mshindi anapewa ng'ombe. Wote wawili wameamua mapema mno, mmoja kwa uchungu na mwingine kwa hamu. Ushauri wangu ni kwamba swali hilo uliweke kando hadi mwezi wa tisa tangu uumie, au tangu upasuliwe kama utapasuliwa, na katikati hapo ufanye kazi ya kulijenga goti hata kama moyoni unajua hutacheza tena. Goti hilo ndilo utakalopandia ngazi, utakalosujudia na utakalobebea mizigo ya nyumbani kwa miaka arobaini ijayo. Mpira ni sehemu ndogo tu ya kazi zake.

Anza kwa kujua umeumia nini. Hapa ndipo miezi mingi inapopotea bure. Kijana anapelekwa hospitali, anapigwa X-ray, anaambiwa mfupa mzima, anapewa vidonge vya maumivu na kurudi nyumbani akiamini amepona. X-ray huonyesha mifupa. Kano zinazoishika mifupa hiyo haizioni, wala gegedu inayokaa katikati yake. Mlio ulipoumia, uvimbe uliojaa ndani ya saa chache, na goti "kuachia" unaposhuka ngazi au kugeuka ghafla: mambo haya matatu yakikutana, chukulia kwamba kano ya msalaba ya mbele, ile ambayo wachezaji na madaktari wote wanaiita ACL, imechanika, mpaka mtu wa mifupa akuambie vingine. Na akishakushika, si lazima MRI iwe ya kwanza. Daktari au mtaalamu wa fiziotherapia mwenye uzoefu hulikunja goti kidogo, akashika paja kwa mkono mmoja na muundi kwa mwingine, akavuta mbele. Kwa mikono mitupu hujua mengi. MRI inakuja kuthibitisha, na kuonyesha kama gegedu nayo imechanika.

Kuna hali moja isiyosubiri hata usiku upite. Mguu ukiwa wa baridi chini ya goti, au umekufa ganzi, au wayo hautaki kuinuka, huenda mshipa wa damu au wa fahamu umeumia. Hapo ni hospitali saa hiyohiyo.

Kwa mkazi wa Tanga njia ya kawaida huanzia Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa, na kutoka hapo rufaa huelekea Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, jijini Dar es Salaam, au hospitali ya KCMC kule Moshi. Umbali wa kwenda Dar na wa kwenda Moshi unakaribiana, kama kilometa 350 kila upande. Kwa hiyo mbali na foleni na gharama, chagua upande ulio na ndugu wa kukupokea, maana safari za kurudi kuonwa zitakuwa nyingi, nazo ukizifanya na magongo kwenye basi utazikumbuka.

Kuhusu wakandaji, sina ugomvi nao. Paja lililokaza likichuliwa vizuri hulegea, na mgonjwa hulala. Lakini goti lililovimba lisinyongwe, lisivutwe "lirudi mahali pake", na lisichuliwe kwa mafuta ya moto siku za mwanzo, kwa sababu ndani yake kuna damu na pengine kipande cha gegedu kilichojikunja. Mwambie bibi au babu anayekukanda aishie kwenye paja na kigimbi. Wengi wanaelewa wakielezwa.

Halafu linakuja swali la kisu. Mitaani imeshakuwa kama sheria kwamba bila upasuaji hakuna goti, na asiye na fedha za upasuaji anakata tamaa siku hiyohiyo. Mambo hayako hivyo. Huko Sweden watafiti waliwachukua vijana 121 waliochanika ACL wakawagawa makundi mawili kwa kura: wengine wafanyiwe upasuaji mapema pamoja na mazoezi, wengine waanze na mazoezi peke yake na upasuaji uje baadaye kama ukihitajika. Matokeo ya kwanza yalichapishwa 2010. Baada ya miaka 2 hali za makundi hayo hazikutofautiana, na baada ya miaka 5 karibu nusu ya wale walioanza na mazoezi walikuwa bado hawajapasuliwa. Wachezaji wa kulipwa hawakuwemo, na hilo lazima lisemwe. Anayetaka kurudi kwenye mchezo wa kugeuka na kugongana, yaani mpira wa miguu, netiboli, kikapu, mara nyingi atashauriwa upasuaji. Vilevile mtu ambaye goti linamwachia hata akitembea, kwa sababu kila linapoachia linaitafuna gegedu, na gegedu ikiisha hairudi. Lakini fundi cherehani aliyekuwa akicheza Jumapili kwa afya yake anaweza kuishi maisha kamili bila ACL, ilimradi paja lake lina nguvu.

Ukipasuliwa, elewa kilichofanyika humo ndani. Daktari huchukua kipande cha kano kutoka nyuma ya paja au chini ya kifuniko cha goti, akakipitisha kwenye matundu aliyoyatoboa mfupani, kikakaa mahali pa ACL iliyokatika. Kipandikizi hicho ni nyama isiyo na mishipa yake ya damu. Mwili hukivamia, hukilegeza, kisha hukijenga upya taratibu kwa miezi. Kati ya wiki ya 6 na ya 12 ndipo kinapokuwa dhaifu kuliko wakati wote, na ndicho kipindi ambacho mgonjwa ameacha magongo, maumivu yamekwisha, na anajiona yuko tayari kwa dakika tisini. Magoti mengi yaliyotengenezwa kwa gharama kubwa hukatika tena kwa mtu kujisikia vizuri.

Sasa kazi yenyewe, na hapa ndipo Tanga ina bahati ambayo wenyewe hatuihesabu.

Wiki mbili za mwanzo lengo ni goti kunyooka kabisa na msuli wa mbele wa paja kuamka. Kaa chini, mguu umenyooka mbele yako, kitambaa kilichokunjwa chini ya kisigino, kaza paja mpaka nyuma ya goti iguse sakafu, hesabu hadi tano, achia. Zoezi linachosha akili kwa udogo wake. Lifanye mara nyingi kwa siku, kwa sababu goti lisilonyooka kabisa mwezi wa kwanza huwa gumu sana kunyooshwa mwezi wa sita, na mtu atachechemea maisha yake yote akidhani ni ACL inayomsumbua.

Goti likianza kukunjika vya kutosha, ingia kwenye baiskeli. Huko kwenye hospitali za matajiri wanazo baiskeli za ndani zisizokwenda popote. Sisi tuna mji wa tambarare wenye baiskeli katika kila uchochoro. Chukua ile ya kizamani yenye stendi ya miguu miwili inayoinua gurudumu la nyuma, iegemeze ukutani, ndugu yako akushikie usukani, upige pedali papo hapo. Pandisha kiti juu kidogo ili goti lisikunjwe sana. Ukishaweza kupanda na kushuka bila woga na mtaalamu wako amekubali, toka nayo barabarani asubuhi kabla malori hayajaanza.

Bahari nayo. Jeraha likiwa limefunga kabisa, wala si siku moja kabla, kutembea ndani ya maji yanayofika kiunoni hupunguza karibu nusu ya uzito unaobebwa na miguu. Yakifika kifuani hupungua zaidi. Pale Raskazone maji yakiwa yanajaa polepole unaweza kwenda na kurudi sambamba na ufukwe kwa nusu saa, na goti likafanya kazi ambayo nchi kavu lisingeiweza. Vaa raba kuukuu, chini kuna mawe na vigae vya chaza. Kukimbia mchangani ni habari nyingine. Mchanga mkavu unateleza na kupindisha mguu, hivyo si mahali pa kuanzia. Ngoja maji yapwe, ukimbie kwenye mchanga mgumu wenye unyevu, na kumbuka ufukwe umeinama: ukienda upande mmoja tu, mguu wa chini unaumia. Kwenda na kurudi ziwe sawa. Na mbio zenyewe zisianze kabla ya mwezi wa tatu au wa nne, na zianze tu kama goti halina uvimbe na linanyooka lote.

Kipimo cha kila siku ni asubuhi inayofuata. Goti likiamka limejaa, kazi ya jana ilizidi, punguza, usiache. Likiamka kama lilivyolala, ongeza kidogo. Unaweza pia kuazima futi ya fundi cherehani: pima mzunguko wa mapaja yote mawili, sentimeta 15 juu ya kifuniko cha goti, uandike kwenye daftari. Utashangaa jinsi paja linavyosinyaa ndani ya mwezi na jinsi linavyochelewa kurudi.

Anayefunga Ramadhani asikatishe mazoezi mwezi mzima. Ayasogeze baada ya futari, anywe maji ya kutosha hadi daku, apunguze uzito lakini asiache.

Tuseme umefanya yote hayo na mwezi wa tisa umefika. Sasa ndipo swali la kurudi lina maana. Kwa nini wa tisa? Kuna utafiti wa Norway uliochapishwa 2016, uliofuatilia watu 106 kwa miaka 2 baada ya upasuaji. Kila mwezi mmoja waliochelewesha kurudi kwenye mchezo, hadi kufikia wa 9, hatari ya kuumia goti tena ilipungua kwa karibu nusu. Baada ya hapo kuchelewa zaidi hakukuonyesha faida hiyo. Na waliorudi bila kufaulu vipimo vya nguvu na kuruka, 38 katika kila 100 waliumia tena; waliofaulu, chini ya 6. Kundi lilikuwa dogo, lakini tofauti ya 38 na 6 haifichiki.

Kwa hiyo tarehe peke yake haitoshi. Mtu aliyekaa miezi tisa barazani anacheza bao hajapona, amezeeka tu miezi tisa. Fanya vipimo. Rahisi kuliko vyote ni kuruka kwa mguu mmoja: simama kwa mguu mzima, ruka mbele kadiri uwezavyo, tua kwa mguu huohuo bila kuyumba, pima kwa futi kamba. Kisha mguu ulioumia. Ulioumia ufikie angalau asilimia 90 ya mwenzake. Mguu mzima ukiruka sentimeta 160, ulioumia usipungue 144. Rudia kwa miruko mitatu mfululizo, kisha kwa kuvuka mstari kulia na kushoto. Kisha kaa kwenye benchi, inuka na kuketi kwa mguu mmoja mpaka uchoke, hesabu, linganisha. Hapa kuna mtego ambao hata makocha hawaujui: mguu mzima nao ulidhoofika ulipokuwa umekaa. Ukiulinganisha na ule mwingine unaweza kupata asilimia 95 ya udhaifu. Kama unajua ulivyokuwa ukiruka kabla hujaumia, jilinganishe na hapo. Ndiyo maana nawasihi walimu wa michezo wawapime wachezaji wao mwanzoni mwa msimu, wangali wazima, wahifadhi namba hizo.

Vipimo hivyo vikipita, bado kuna hofu. Usiionee haya wala usiifiche. Mchezaji anayekwenda kwenye mpira huku akili iko kwenye goti hukanyaga vibaya, huchelewa nusu hatua, na nusu hatua hiyo ndiyo inayomuumiza. Hofu inayopungua kila wiki ya mazoezi na wenzako ni ya kawaida. Isiyopungua hata baada ya mwezi inakuambia kitu, na kocha mwenye busara atakusikiliza.

Je, wangapi hurudi? Uchambuzi mkubwa wa tafiti uliotoka 2014 ulikuta kwamba baada ya upasuaji wa ACL, watu 81 katika 100 walirudi kwenye mchezo wa namna fulani, 65 walirudi kwenye kiwango chao cha zamani, na 55 ndio waliorudi kwenye mashindano. Kwenye klabu kubwa za Ulaya, ambako mchezaji ana daktari, mpishi na mtaalamu wa fiziotherapia asubuhi na jioni, karibu wote hurudi, lakini miaka 3 baadaye ni 65 tu katika 100 wanaocheza bado ngazi ya juu. Na vijana wa chini ya miaka 25 wanaorudi uwanjani, karibu mmoja kati ya wanne huchanika tena, goti lilelile au la pili. Namba hizi hazikukatazi. Zinakuambia unacheza kamari ya aina gani.

Nawapenda wanamichezo wawili katika jambo hili, kwa sababu tofauti. David Rudisha wa Kenya aliweka rekodi ya dunia ya mita 800 kule London 2012, dakika 1 na sekunde 40.91. Mwaka uliofuata goti likamtoa kwenye mashindano ya dunia ya Moscow. Aliporudi 2014, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Glasgow, alishindwa na Nijel Amos wa Botswana, akapata fedha. Mtaani wangesema amekwisha. Mwaka 2015 akachukua dhahabu ya dunia Beijing, 2016 akachukua ya Olimpiki Rio de Janeiro kwa 1:42.15. Angalia muda huo: hakurudi tena kwenye 1:40 wala 1:41. Aliyerudi alikuwa mkimbiaji mwingine, wa polepole kidogo, aliyejua kushinda kwa alichobakiwa nacho. Anayesubiri awe vilevile alivyokuwa atasubiri sana, na atazikosa dhahabu zilizo mbele yake.

Wa pili ni Shomari Kapombe, beki wa kulia wa Simba. Enka ilimvunjikia Novemba 2018 akiwa kambini na Taifa Stars Afrika Kusini, akapasuliwa hukohuko, msimu ukaisha bila yeye, na fainali za AFCON za 2019 nazo zikampita. Agosti 2025, kwenye CHAN iliyochezwa nyumbani, bao lake la dakika za mwisho ndilo lililoipa Taifa Stars ushindi wa 1-0 dhidi ya Mauritania. Enka na goti ni vitu tofauti, hilo nakubali. Lakini Kapombe alikuwa na klabu iliyomngoja. Wewe je, nani anakungoja, na nani atakulipia ukianguka tena?

Swali hilo la fedha ndilo gumu, na ndilo watu hulikwepa. Chukua dereva wa bodaboda wa Makorora. Anabadili gia kwa mguu wa kushoto, anapiga kiki kwa wa kulia, na kila akisimama anakanyaga chini kubeba uzito wa pikipiki na abiria. Chukua mvuvi anayesimama kwenye ngalawa inayoyumba, au mbeba mizigo bandarini. Goti likiwaachia hawa, hawapotezi mechi, wanapoteza chakula, na mvuvi anaweza kupoteza uhai. Kaa na mkeo, au mumeo, au mzazi wako, mfanye hesabu ya wazi: goti likikatika tena leo, nyumba itakula nini kwa miezi tisa? Ukiwa na jibu, rudi kwa amani. Kama jibu ni "Mungu atajua", basi posho ya ndondo ya shilingi elfu kadhaa haina uzito wa kulibeba goti hilo.

Mwenye mkataba na klabu ana haki zaidi kuliko anavyofikiri. Yeye ni mwajiriwa. Uliza kama klabu inamchangia kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanzishwa kwa sheria ya 2008 kwa ajili ya wanaoumia kazini. Toa taarifa ya kuumia kwa maandishi, ubaki na nakala. Kuhusu bima ya afya, uliza kabla hujapasuliwa: inalipa upasuaji peke yake au na vikao vya fiziotherapia vya miezi sita baadaye? Upasuaji bila vikao hivyo ni fedha iliyotupwa baharini, na mimi ningemshauri mtu mwenye fedha ya kimoja tu achague vikao.

Kisha kuna makelele ya watu. Hassan Mwakinyo, bondia wetu wa Tanga, alipomwangusha Sam Eggington kule Birmingham Septemba 2018 kila mtu alikuwa ndugu yake. Septemba 2022, mjini Liverpool, pambano lake na Liam Smith likaishia raundi ya 4, akasema mguu ulimuuma. Waliomshangilia wakamgeukia, wakasema anaigiza. Sijui maumivu ya mtu mwingine, na wao hawakuyajua pia. Yeye alirudi ulingoni mwaka uliofuata. Ninachotaka uone ni jinsi mashabiki wanavyolihukumu jeraha: kwa matokeo ya siku ile. Hao ndio wanaokuambia kijiweni urudi mwezi wa nne. Ukianguka tena watasema ulikuwa na haraka.

Kocha na kiongozi wa timu ya mtaa nao wana haraka yao, na si ubaya, timu inashuka. Waambie mapema kwamba huna tarehe, una vipimo. Wakitaka kukusaidia, waje wakuhesabie miruko.

Watoto wa shule wawe na kanuni yao. Chini ya miaka 18 mifupa bado inakua, na hatari ya kuchanika tena ni kubwa kuliko ya mtu mzima. Wataalamu wa tiba ya michezo wanashauri angalau miezi 12 kabla ya kurudi kwenye mchezo wa kugeuka. UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, huja kila mwaka, hivyo kuikosa mara moja si mwisho. Wasichana nao, wa mpira wa miguu na wa netiboli, huchanika ACL mara mbili hadi tatu zaidi ya wavulana wanaocheza mchezo uleule, na bado timu zao ndizo zinazopewa dakika tano za kupasha moto kabla ya mechi. Mpango wa kupasha moto wa FIFA unaoitwa 11+ huchukua kama dakika 20, hauhitaji kifaa zaidi ya mpira, na umejaribiwa kwa wasichana wenyewe ukapunguza majeraha makubwa. Mwalimu anayesoma hapa auanze wiki hii.

Na ukiamua kutorudi? Huo nao ni uamuzi wa mtu mzima, ukifanywa mwezi wa tisa kwa macho makavu. Iwe umepasuliwa au hukupasuliwa, goti lililochanika ACL huzeeka mapema: kundi la wanasoka wanawake wa Sweden lililopigwa X-ray miaka 12 baada ya kuumia, karibu nusu yao walikuwa na dalili za kulika kwa goti, na wastani wa umri wao ulikuwa miaka 31 tu. Kila msimu unaoongeza unalipiwa huko mbele. Baiskeli na kuogelea vitakubakisha na mwili wa mwanamichezo bila kugeuka geuka. Katikati kuna njia nyingine pia: kucheza na maveterani, kuacha ndondo lakini kubaki na timu ya mtaa, kutoka winga kwenda nafasi isiyo na mbio nyingi. Na mpira una viti vingine. Juma Mgunda alicheza Coastal Union ya hapa Tanga, akaifundisha Coastal Union, na 2022 akakabidhiwa Simba. Mji uliotoa bingwa wa Tanzania wa 1988 unahitaji makocha wa watoto kuliko unavyohitaji winga mwenye goti moja.

Kama unasoma haya na goti lako linaachia tangu mwaka jana, na umekuwa ukilifunga bandeji na kucheza hivyohivyo, usicheze Jumamosi hii. Nenda Bombo, ulizia wataalamu wa fiziotherapia, waeleze ulivyoumia na linavyoachia, waombe wakupime kano. Beba daftari.